Kisu cha Marehemu Fundi Saa

Skrubu ya kwanza aliikuta ndani ya kikombe cha chai. Ilikuwa imelala chini kabisa penye masalia ya sukari, ndogo, safi, kichwa kinang'aa kama imetoka dukani leo. Bisibisi aliitoa kwa kijiko, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama dari, akatazama kabati la vyombo, halafu akacheka peke yake. Mtu aliyetunza jengo la ghorofa nne kwa miaka ishirini na miwili akikuta skrubu kwenye chai yake, amlaumu nani? Akaitia mfukoni mwa aproni, akamalizia chai.

Jina la Bisibisi alipewa na wapangaji, likamkaa mpaka lile la kwenye kitambulisho likawa kama la mtu mwingine. Alikuwa mjane, mzito wa kiuno lakini mwepesi wa ngazi, mwenye kujua kila koki na kila kitasa cha jengo lile. Aliishi vyumba viwili vya chini, karibu na lango, pamoja na mwanawe aliyekuwa dereva wa gari la mikate, na mke wa mwanawe, aliyekuwa anahesabu siku za kujifungua.

Wiki ile alikuwa na kifaa kipya. Mpangaji wa ghorofa ya tatu, mzee mmoja fundi saa, alikuwa amefariki, na mpwa wake alikuja kuchukua nguo na visanduku vya saa. Wakati wa kuondoka alimkabidhi Bisibisi kitu kilichofungwa kwenye leso.

"Chukua hiki, mama. Hospitali walinirudishia pamoja na miwani yake. Mimi ni karani, nitakifanyia nini?"

Kilikuwa kisu cha kukunja, kile cha vifaa vingi, kizito kuliko ukubwa wake. Ukivuta huku unatoka mkasi, huku tupa, huku msumeno wa urefu wa kidole, kifungua kopo, bisibisi mbili, kibanio, sindano ya kutobolea. Ukikipanua katikati kinakuwa koleo. Bisibisi alikumbuka kukiona mikononi mwa marehemu. Mzee yule alikuwa mtaratibu, hapandishi sauti, ila vidole vyake havikujua kupumzika. Kila siku baada ya chakula cha mchana angekaa mlango wazi akifungua tochi, akiipanga mezani vipande vipande, akiifunga tena, halafu anaanza upya. Alifanya hivyo bila furaha, kama mtu anayelisha mfugo asiyempenda.

Siku tatu za kwanza Bisibisi alijiuliza aliishije bila kisu kile. Zamani kila kazi ndogo ilikuwa kushuka ngazi kufuata sanduku la zana na kupanda tena, magoti yanalia. Sasa zana zote zilikuwa mfukoni. Alimtoa mwalimu wa ghorofa ya pili kijiti kilichozama kidoleni, akakaza mguu wa miwani ya binti wa mwalimu huyo, akafungua kopo la maziwa lililokatika kishikio, akaokoa zipu ya gauni la bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa amenasa ndani yake anatokwa jasho. Alikata kamba, akabadilisha mpira wa koki, akachokoa ufunguo uliovunjikia kitasani.

"Mama Bisibisi, ukifa tuachie mfuko wa aproni," mwalimu alimtania.

"Nikifa nitakuja kuufuata."

Siku ya nne hakuna aliyemwita, na siku hiyo ndiyo ile ya kikombe. Baada ya chakula alijilaza mkekani kama kawaida, saa nane ya mchana, jengo zima kimya. Usingizini alisikia kitu kinasaga polepole. Kri. Kinatulia. Kri. Kinatulia. Alipoamka, chumba kilinuka mafuta ya saa, yale mepesi matamu, na vidole vyake vilikuwa vimechoka. Baada ya ile chai aliinua redio kuipangusa vumbi, kifuniko chake cha nyuma kikadondoka. Skrubu nne hazikuwepo. Moja alikuwa ameshaikuta kwenye chai. Tatu zilikuwa dirishani, zimepangwa mstari.

Siku zilizofuata zilimfundisha, ingawa hakutaka kufundishika. Siku akifanya kazi na kile kisu, nyumba inatulia. Siku asipofanya, kitu kinafunguka. Viti vilikalia miguu isiyokazwa. Mlango wa bafu ulimwangukia mwanawe akiwa na povu usoni, akatoka akitukana bawaba. Vifungo vya shati lake la kazi vilikutwa vimekatwa vyote, vimepangwa mstari juu ya mto, kuanzia wa kola mpaka wa chini.

"Mama, unanifanyia mzaha?" alimuuliza.

"Nikufanyie mzaha wa nini mimi?"

Basi akaanza kutafuta kazi. Alipanda ngazi asubuhi kabla wapangaji hawajapiga mswaki, akagonga mlango huu na ule, akauliza kama hakuna kitu kimelegea, akakaza vilivyokazwa, akanoa visivyohitaji kunolewa, akafungua soketi iliyokuwa nzima na kuifunga tena ilhali mpangaji amesimama nyuma yake amekunja mikono. Na akimaliza ghorofa ya nne anashuka haraka kuanza ya kwanza, kwa sababu saa nane inakaribia, na kiganja kimeanza kumwasha, na mfukoni mwa aproni anahisi kile chuma kinapata joto kidogo kidogo kama yai chini ya kuku.

Watu walianza kufunga milango wakisikia hatua zake.

Mkwe wake alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye sauti. Siku walizokuwa hospitalini Bisibisi alishinda wodini, akasahau kazi, akasahau na kisu, kilichobaki kimening'inia msumarini ndani ya aproni. Walirudi nyumbani siku ya nne. Kitanda cha mtoto, ambacho baba yake alikiunga kwa mkono wake, kilikuwa kimelala sakafuni mbao mbao. Nati zilikuwa upande mmoja, boliti upande mwingine, zimepangwa kwa ukubwa.

Mwanawe alikiunga upya. Akiwa amepiga magoti, alimtazama mama yake mara mbili.

Kesho yake mchana Bisibisi alimlisha mkwe uji, akampokea mtoto, akambembeleza mpaka akalala, akajinyoosha mkekani chumba cha pili. Alijiambia hatalala. Alisikia jirani wa juu akiburuta kiti, akasikia mbali mtu anapiga chafya, halafu ile kri ikaanza, mara hii si ya kusaga bali nyembamba zaidi, tik, kama mkasi mdogo unaokata kucha, tik, na baada ya kila tik kimya kirefu cha mtu mwenye subira anayevuta kitu taratibu asikikate, na yeye mkekani anataka kuinuka na hainuki, anataka kuita na ulimi umelala, na ile harufu ya mafuta ya saa inamjaa puani mpaka anaionja.

Alipozinduka, mkwe alikuwa amekaa kitandani kimya, mgongo ukutani, mtoto amembana kifuani. Juu ya stuli, kwenye kisosi cha kikombe cha uji, kulikuwa na nyuzi nane nyeusi, fupi, zimepangwa mstari.

Zilikuwa nyuzi za mshono wake.

Hakukuwa na damu ya kutisha. Kidonda kilikuwa kimeachia kidogo tu upande mmoja. Kliniki, muuguzi alikitazama, akaitazama familia nzima, akauliza nani aliyetoa nyuzi siku tano kabla ya wakati, maana hata daktari wao hatoi kwa usafi ule. Mkwe alisema hajui, alikuwa amelala. Walimshona upya.

Jioni mwanawe alikichukua kile kisu mezani na kukifungua karibu na taa. Kwenye meno ya koleo kulikuwa na kipande cha uzi mweusi.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole uliomuumiza Bisibisi kuliko kelele. "Huwa unaamka bila kujua? Niambie tu. Mimi ni mwanao. Tutatafuta daktari."

"Si mimi, baba. Ni hicho kitu."

"Hicho kitu hakina miguu."

Alfajiri Bisibisi alikitupa kwenye lori la taka na kusimama barabarani mpaka lilipokata kona. Mchana alipoamka kilikuwa mfukoni mwa aproni, kimepanguswa, kimetiwa mafuta. Kandambili zake zilikuwa na matope ya jaa.

Kuanzia hapo mkwe hakumweka mtoto chini. Alikula naye, akalala naye kifuani. Lakini mtu lazima aoge. Siku ya tatu aliingia bafuni kwa dakika tano, saa nane na kitu, na aliporudi, mtoto alikuwa amelala vizuri pale pale alipomwacha katikati ya kitanda. Kofia yake ilikuwa imevuliwa na kukunjwa pembeni. Na juu ya utosi, pale palipo laini panapopigapiga, palikuwa na alama. Ilikuwa mistari miwili ya penseli iliyokatizana, myembamba, iliyopimwa.

Bisibisi aliletwa kuiona. Hakuhitaji kuelezwa. Ni alama ambayo fundi yeyote huweka mahali anapokusudia kutoboa.

Mwanawe aliitwa kazini akaja na magwanda ya unga. Aliifuta ile alama kwa kidole kilicholowa mate, akaifuta tena hata ilipokwisha.

"Kesho asubuhi tunahamia kwa dada wa mke wangu," alisema bila kumtazama mama yake. "Leo nitakaa mlangoni mwenyewe. Mama, naomba usiingie chumba hiki."

Mkwe alikuwa anatazama ukuta. Hakusema lolote, si la kumtetea wala la kumshitaki.

Bisibisi alivaa aproni akatoka. Nyuma ya soko kulikuwa na mwanamke aliyeuza vyombo vya plastiki, aliyeitwa Bibi Ndoo, na watu waliokuwa na shida za majini walijua kwamba duka lile lina chumba cha nyuma. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alimsikiliza huku akitenganisha mabeseni yaliyong'ang'aniana. Bisibisi alipofika kwenye alama ya penseli, Bibi Ndoo aliyaweka chini mabeseni na kwenda kufunga mlango wa mbele.

"Kiweke hapo. Usikishike tena mpaka nikuambie."

Aliinama juu ya kisu muda mrefu bila kukigusa. Alinusa.

"Kila kitu kinachofunguliwa," alisema, "kinapangwa mstari?"

"Kila kitu."

"Hakivunjwi?"

"Hakivunjwi."

"Huyu hachezi, basi. Anatafuta." Alimwonyesha kwa kidole. "Tazama mashavu ya hiki kisu. Yameshikwa na nini?"

Bisibisi alivaa miwani. Wiki zote zile alikuwa ametazama zana zinazotoka ndani, hakuwahi kutazama kinachozishika. Zilikuwa skrubu mbili, moja kila mwisho, na vichwa vyake vilikuwa na tundu la pembe tatu, dogo kama punje ya mtama. Akazipitia kichwani bisibisi zote mbili za kisu, sindano, tupa, ncha ya kibanio. Hakuna hata kimoja ambacho kingeingia.

"Mtu alimfungia humu," Bibi Ndoo alisema. "Simjui, na sitaki kumjua. Akampa funguo za dunia nzima isipokuwa wa chumba chake. Yule mzee wako alikuwa anamsahaulisha kwa tochi. Wewe ulikuwa na kazi, ukawa unampa. Ulipoacha, akaanza kujitafutia mlango."

"Tukitupe baharini. Tukichimbie."

"Ulishakitupa. Kimekuja kwa miguu ya nani?"

Bisibisi alitazama kandambili zake.

"Kusema naye najua mimi. Kufungua unajua wewe," alisema Bibi Ndoo. "Tengeneza ufunguo."

Aliletewa msumari wa inchi tatu na tupa ya kawaida. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kusugua ncha ya msumari pande tatu, akipima, akisugua, akipima. Kazi ilikuwa ndogo na mikono yake ilikuwa mizoefu, lakini kadiri ncha ilivyokaribia umbo mkono wa kulia ulianza kutetemeka, si kwa woga, kwa pupa, kama mkono wa mtu mwenye kiu anayeona mtungi, na alipoukaripia haukusikia, ukamvuta kiwiko, ukamvuta bega, ukaupeleka msumari kwenye skrubu ya kwanza kabla yeye hajaamua, na harufu ile ikajaa chumba, na vifuniko vya ndoo vilivyopangwa mpaka darini vikaanza kugongana kwa sauti ndogo ndogo kama saa mia zinazohesabu kila moja kwa mwendo wake.

Bibi Ndoo alimdaka kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Bado," alisema, na hakuwa anasema na Bisibisi. "Kwanza tuzungumze. Unataka nini kwa watu hawa?"

Kinywa cha Bisibisi kilifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ila kavu, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Nje."

"Ulifungua milango yao."

"Haikuwa yangu. Nilifungua viti, mlango wangu haukuwemo. Nilifungua kitanda. Nilimfungua yule mwanamke, maana nilisikia tumboni mwake kuna mtu alitoka. Niliyafumba macho ya huyu nikavuta polepole."

"Na mtoto?"

Vifuniko vilitulia vyote kwa pamoja.

"Mtoto ana mahali ambapo hapajafungwa vizuri."

Machozi yalimtoka Bisibisi. Hayo yalikuwa yake. Kucha za Bibi Ndoo zilimzama kwenye ngozi.

"Mlango ule si wako. Nisikilize. Wako upo hapa, na ufunguo upo hapa, na anayeweza kuuzungusha ni huyu unayemchosha. Utaapa kwa aliyekuumba kwamba ukitoka hugeuki. Humgusi huyu, humgusi mkwewe, humgusi mtoto, humgusi mtu. Usipoapa naupinda huu msumari sasa hivi, na mimi nina umri wa kutosha kukaa nawe humu ndani mpaka nife."

Ilichukua muda. Bisibisi alihisi ndani ya mkono wake kitu kikizunguka kutafuta njia nyingine, kikipapasa kila kiungo cha vidole, kifundo, kiwiko, kama mtu anayejaribu vitasa kwenye korido ya giza. Halafu kikachoka.

"Naapa," kilisema kwa kinywa chake.

"Kamilisha."

Kikaapa kiapo kizima, neno kwa neno. Ndipo Bibi Ndoo akamwachia.

Skrubu ya kwanza ilikuwa ngumu. Kri. Kri. Alijua sasa ile sauti ilikuwa inaiga nini. Ya pili ilitoka yenyewe, ikapanda taratibu tunduni bila kuguswa na msumari. Mashavu ya chuma yaliachana, zana zikamwagika juu ya sakafu, na katikati palikuwa na kijipande cha ngozi kilichokunjwa, kikavu, chenye maandishi ambayo alipokitazama yalikuwa yanafifia tayari. Hakuona kitu kikitoka. Aliona kifuniko cha ndoo ya chini kikiinuka na kurudi, kisha cha pembeni yake, kisha kingine, kuelekea mbele ya duka, na komeo la mlango likajifungua. Nje mchana ulikuwa mweupe. Mbwa mmoja alisimama, akapisha.

"Vyuma hivi nitaviyeyusha," alisema Bibi Ndoo, akikaa chini ghafla kama mwanamke mzee. "Nenda nyumbani. Usikimbie."

Hawakuhama. Mwanawe alikesha mlangoni, na kesho yake mchana akakaa tena, saa mkononi, saa nane ikaja ikapita, na keshokutwa vivyo hivyo. Wiki ikaisha bila kitu kulegea. Hakuuliza mama yake alikwenda wapi wala kile kisu kiko wapi. Alisema tu kwamba sasa anaonekana amelala vizuri, na kwamba uchovu ni kitu kibaya. Bisibisi alimwachia aamini hivyo. Alirudia kubeba sanduku lake la zana ngazi baada ya ngazi, lakini chumba cha wazazi wa mtoto hakukiingia. Alikuwa akisimama kizingitini, anauliza kinachohitajika, anaondoka.

Siku ya arobaini mkwe alimwita. Alikuwa amemaliza kumnyonyesha mtoto, anampigapiga mgongo.

"Ingia, mama. Funga mlango."

Aliingia. Alisimama karibu na kabati, mikono nyuma.

"Siku ile ya nyuzi sikuwa nimelala," mkwe alisema. Alikuwa anamtazama mtoto. "Nilidanganya kliniki. Nilikuwa macho tangu wa kwanza mpaka wa nane."

Bisibisi aliegemea kabati.

"Ulikuwa wewe. Ulipiga magoti hapo ulipo. Macho yalikuwa yamefumbwa, mikono ilikuwa yako, na pete yako nilikuwa naiona. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa mkono utashtuka."

"Kwa nini hukumwambia mumeo?"

"Angekufukuza." Alifikiri kidogo. "Na ulikuwa unalia. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake, haitetemeki hata kidogo, na wewe ulikuwa unalia kama mtu anayevutwa nywele. Kila uzi ukitoka ulikuwa unasema, nisamehe mwanangu. Mara nane."

Nje mwalimu wa ghorofa ya pili alikuwa anashuka ngazi akiita binti yake. Sauti ilipita, ikaisha.

Bisibisi alileta mikono mbele, akaitazama. Ilikuwa mikono ya kawaida, mikavu, yenye kovu la bati kwenye kidole gumba. Haikuwa inawasha. Hata hivyo hakujua kama angeweza kuiamini tena.

Mkwe alinyanyuka taratibu, akishika tumbo lake lililoshonwa mara mbili, akavuka chumba.

"Nataka kuoga," alisema. "Nitachukua muda. Mshike."

Na akamwekea mtoto mikononi.